Mazutu Mlangoni mwa Kamimbi

28 Septemba

Tangu nirudi kutoka Kisangani na shahada yangu ya sheria, sijapata mtu anayestahimili hoja yangu hadi mwisho. Mama yangu, Zawadi, huinuka nikiwa katikati ya sentensi na kwenda kugeuza samaki wake juu ya moshi. Kaka yake, mjomba Bulaimu, hucheka tu, na kicheko si jibu. Basi nitabishana na karatasi hizi, ambazo hazina samaki wa kugeuza.

Leo mvua ya kwanza ya msimu imepiga. Mjomba alitoka nje bila shati, akaitazama Lualaba kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, akasema maji yataanza kupanda. Hapa ukingoni, chini ya mji, pale nyumba za mtaa wa Mikelenge zinapokwisha na mihogo inapoanza, maneno hayo ya mjomba yana nguvu kuliko tangazo lolote la serikali. Yeye ndiye mwenye mlango wa Kamimbi.

Kamimbi ni ziwa dogo kando ya mto. Mfereji unaoliunganisha na Lualaba ni mwembamba kiasi kwamba mitumbwi miwili haipishani, na mlangoni pana uzio wa fito zilizofumwa. Maji yakipanda, mjomba huuondoa uzio. Samaki huingia kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na maji. Kisha huurudisha, na hapaingii wavu wala ndoano mpaka maji yaanze kushuka. Ndipo Wagenia, kabila letu la wavuvi, wote wa ukingo huu wanapovua chakula cha mwaka. Cheo hicho alikuwa nacho babu, na katika miaka ya vita, mji ulipozingirwa na mashamba yasifikike, wavuvi walikula Kamimbi na kunyamaza. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa samaki hao, asema mama, kila anapotaka nimalize chakula.

3 Oktoba

Mvua. Nimesoma siku nzima. Mama ameniuliza kama kitabu kikichemshwa sana kinaiva.

9 Oktoba

Nimeamshwa na harufu. Nilidhani jirani amewasha jenereta chini ya dirisha langu, nikatoka nikiwa nimekwisha kutunga nitakachomwambia. Jenereta haikuwapo. Watu walikuwa wanakimbia kuelekea majini.

Jana jioni tishari la chuma lililojazwa mazutu, yaani dizeli, kwenye bandari ya mji, likielekea Ubundu, liligonga mwamba juu kidogo ya kambi yetu ya wavuvi, likapasuka ubavu. Hakuna aliyekuja kutuambia. Mto ndio uliotuambia.

Lualaba ilikuwa na ngozi. Nimejaribu maneno mengine na kuyakata. Vijiwimbi vilivimba bila kuvunjika, kana kwamba kuna shuka lililotandikwa juu yake, na shuka hilo lilikuwa na rangi nzuri, zambarau na kijani na dhahabu. Nasema nzuri kwa hasira. Ndege mdiria alipiga mbizi kama kila asubuhi, akaibuka, akashindwa kuruka. Alipanda juu ya mtumbwi akakaa amefungua mabawa, akijaribu kuyasafisha kwa mdomo, na kila alipoyagusa alikunywa kile alichokuwa anakiondoa.

Kilichonishtua zaidi ni furaha. Watu wa mjini walikuwa wamefika na bidoni, yaani madumu, na basani, na vipande vya sponji vilivyochanwa kutoka magodoro: unachovya, unakamua, unachovya. Walikuwa wamezama mpaka kiunoni, wakicheka.

“Chota, chota! Kesho watakuja kukataza!”

“Mungu njo alitufungulia stasyo ya mafuta ya bure!”

Bibiche, jirani yetu muuza maandazi, aliniona nimesimama, akanitania kwa shahada yangu. “Lisansiye! Njoo uchote ya taa yako ya kusomea! Ao unangojea waandike sheria kwanza?”

Wakacheka wote. Nilianza kuwaeleza kwamba ngozi yao itaungua, kwamba cheche moja tu ingetosha. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Hakuna aliyegeuka.

Huko Kisangani, katika mtihani wa mwisho, nilijibu swali kuhusu meli za mafuta zinazopasuka baharini. Niliandika juu ya fukwe nyeusi, ndege walioganda kwa mafuta, matope ambayo baada ya miaka mingi bado yanatema mafuta ukiyakanyaga. Nilipata alama ya juu kuliko wenzangu. Nilikuwa nimekariri. Sijawahi kuiona bahari, na kwangu jambo lile lilikuwa msiba wa watu wenye bahari.

10 Oktoba

Samaki wameanza kuelea. Mama na wanawake wenzake wamewakusanya kwa vikapu.

Nimebishana naye kuliko siku nyingine yoyote, na kwa mara ya kwanza hakuinuka kwenda zake, kwa kuwa na yeye alikuwa na hoja. Hoja yake ni utupa. Wavuvi hutwanga majani ya mmea huo na kuyamwaga katika vijito wakati wa kiangazi. Samaki hulewa, huelea, wanakusanywa, wanapikwa, na hakuna aliyewahi kuugua. Sumu ya utupa inaua samaki, haiui mtu. Moshi unaondoa kilichobaki. Mvua moja kubwa inasafisha maji. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote.

“Mama, hii haiko utupa. Hii ni mazutu. Inatoka chini ya udongo, inaendesha magari!”

“Samaki amelewa, ameelea. Iko tofauti gani?”

“Tofauti iko ndani ya nyama yake!”

“Weye ulisoma samaki, ao ulisoma sheria?”

Swali hilo lilimfurahisha mwenyewe. Akawaosha kwa majivu na ndimu, akawapanga juu ya moshi. Jioni alimchukua mmoja, akamvunja, akaonja. Akatafuna mara moja. Akatema kiganjani na kukitazama alichokitema kama mtu aliyeletewa habari ambayo bado haijaingia kichwani. Kisha akaanza kuwafukia wote nyuma ya nyumba, kikapu baada ya kikapu, bila kutuita tumsaidie. Mbwa wa Bibiche alikuja, akanusa, akaondoka.

Nilikuwa nimeshinda hoja. Sijawahi kushinda hoja nikajisikia hivi.

13 Oktoba

Mwakilishi wa wenye tishari amefika. Ni Godefroid, tuliyesoma naye sekondari. Alikuwa akinakili majibu yangu ya Kifaransa. Alileta magunia ya mchele na makatoni ya sabuni, akatukusanya mbele ya mitumbwi.

“Wazazi wangu, mto ni mukubwa. Maji inapita. Kampuni inasikia uchungu pamoja na nyinyi.”

Nikasimama. Nilimwambia kwamba anayeharibu mali ya mwingine ana wajibu wa kuirudisha ilivyokuwa, na kwamba mto si mali ya yeyote, kwa hiyo madhara yake ni madhara ya wote. Nilimuuliza nani aliyelipima tishari lile kabla halijapakiwa. Nilimuuliza nani atakayesafisha matete.

“Ismaël, ndugu yangu,” akasema, akicheka kidogo, “bado uko kwenye auditoriumu ya chuo?”

Mjomba Bulaimu alikuwa ameokota kipande cha sabuni, anakigeuzageuza.

“Bwana Godefroid, hii sabuni ni ya kuosha nini?”

“Ya kuosha mikono, mzee. Na nguo.”

“Aa. Miye nilizania umetuletea ya kuosha mto. Nilikuwa najiuliza tutasugulia wapi, mugongo ao tumbo.”

Watu walicheka mpaka Godefroid akacheka nao, na wakati wa kicheko hicho akapanda pikipiki yake na kwenda. Ndivyo kikao kilivyoisha. Wakagawana mchele.

Mjomba ameamua uzio usiondolewe. Ameuzibia kwa mikeka na udongo, mchirizi wa mafuta usipenye. Alisema atangojea mvua moja kubwa, kama kwa utupa, ndipo afungue. Nilimwambia mazutu hayafuati desturi ya utupa. Akanijibu kwamba wakati wa vita mto huu ulipitisha mambo ambayo hataki kunitajia, na uliyapitisha, na watu waliendelea kuunywa.

20 Oktoba

Hakuna mvua. Mabaka mekundu yamewatoka waliochota. Bibiche hawezi kukanda unga.

23 Oktoba

Hakuna mvua.

27 Oktoba

Mvua kubwa jana, tangu adhuhuri. Leo maji yamepanda, na juu yake hapana ngozi, hapana rangi, hapana harufu. Nilichota katika bilauri nikaiinua juani. Maji ya Lualaba, kahawia kama chai, basi.

Mjomba aliniita mlangoni. Nje ya uzio samaki walikuwa wamejaa. Sijui kueleza kwa lugha ya kitabu: maji yalikuwa yanachemka kwa migongo yao. Walikuja kwa saa yao, kama kila mwaka, wakakuta mikeka na udongo. Tilapia wenye matumbo yaliyojaa mayai walikuwa wanausukuma uzio kwa vichwa, wanarudi nyuma, wanasukuma tena. Mama alikuwa amesimama na khanga mdomoni.

“Hawatangoja,” akasema mjomba. “Wakikosa mahali watamwaga mayai katikati ya mto, na maji itayabeba.” Kisha akanigeukia. Hajawahi kunigeukia namna hiyo. “Weye mwenye kusoma. Miye nasema mvua imesafisha. Weye unasema nini?”

Niandike ukweli. Nilijua kitu kimoja kuhusu mazutu: ni mafuta mepesi, jua huyarusha hewani kwa haraka kuliko mafuta mazito ya baharini. Nilikuwa nimelisoma hilo. Nilijua pia jambo la pili, juu ya matete na matope yanayoshika mafuta na kuyatunza. Nililisoma katika ukurasa uleule. Lakini mbele yangu kulikuwa na samaki wale, na mjomba alikuwa ameniuliza.

“Fungua, mjomba,” nikasema.

Akabomoa udongo kwa mikono, akaondoa uzio. Walipita katikati ya miguu yetu. Nilihisi magamba yao yakinigusa vifundoni, na nilifurahi kama mtoto.

5 Novemba

Kamimbi imejaa. Mjomba amerudisha uzio. Jioni tunakaa kusikiliza samaki wanavyorukaruka katika nyasi, na mama ameanza kutengeneza upya vichanja vyake vya moshi. Sandrine, mke wa kaka yangu, amecheka leo mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mume wake anachimba madini Punia na haleti kitu, hivyo anategemea Kamimbi kama sisi sote. Mjomba ananiita mwanasheria wake. Nimeona kwamba anaposikiliza hufumba jicho moja. Nilikuwa nikidhani ni dharau.

8 Novemba

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Maji yamefika mahali ambapo, asema mama, hayajafika tangu vita.

11 Novemba

Sijui nianzie wapi, nami ni mtu niliyefundishwa kuanza.

Asubuhi maji yalikuwa yameufunika ukingo wote juu yetu, pale kwenye matete marefu kati ya mwamba na kambi. Ndani ya matete hayo, mwezi mzima, mazutu yalikuwa yamelala: kwenye mashina, kwenye majani makavu, katika matope. Mvua ya Oktoba haikuyafikia. Gharika hii iliyafikia, ikayanyanyua yote kwa pamoja, na mkondo ukayaleta moja kwa moja mlangoni mwetu. Mvua iliyokuwa inaondoa utupa ndiyo iliyotuletea mazutu.

Mjomba alikuwa wa kwanza kuona. Tulimsikia akipiga kelele, na yeye si mtu wa kupiga kelele. Uzio wa fito hauzuii mafuta, na mikeka tuliyoirudisha haraka ilipitiwa juu na maji. Tulitupa matawi, tukatupa majani ya migomba, Sandrine akaleta godoro lake mwenyewe tukalitupa. Ngozi ile ikaingia taratibu, bila haraka, kama mgeni aliyealikwa.

Ndipo mjomba akafanya jambo ambalo hakuna Mgenia wa ukingo huu aliyewahi kulifanya. Aliung’oa uzio samaki wakiwa bado ndani.

“Tuwatoe!” akasema. “Tuwafukuze warudi mtoni! Wote ndani!”

Tukaingia, wanaume na wanawake, tukapanga mstari kutoka upande hadi upande, tukapiga maji kwa makasia, kwa sufuria, kwa viganja. Ndivyo wanavyofanya kuwaingiza samaki kwenye nyavu. Leo tulikuwa tunapiga ili watukimbie. Mafuta yalitufika kifuani. Macho yalichoma. Wazee waliokuwa wamevua maisha yao yote walikuwa wanalia na kuwatukana samaki: “Toka! Toka, mujinga weye! Toka!”

Baadhi walitoka. Nitaapa kwamba baadhi walitoka, nilihisi wakinipita. Lakini tilapia hawakukubali. Walijificha katika nyasi, kila tulipowafukuza walizunguka nyuma yetu na kurudi palepale. Sikuelewa. Nilimfokea mmoja kana kwamba ni mwanafunzi mzembe.

Baada ya adhuhuri walianza kuelea, midomo ikifunga na kufungua.

Mjomba alimwokota mmoja mkubwa, jike, bado anapumua. Akaubonyeza mdomo wake kwa kidole gumba. Ndani ya kinywa, ukingoni mwa ulimi, palikuwa na vifaranga. Wadogo kama punje za mtama, wenye macho meusi, wote hai, wanatetemeka. Mama yao alikuwa amewameza kuwaficha, kama tilapia wafanyavyo wakiona hatari, na alikuwa anakufa nao mdomoni amekataa kuwafungulia.

Mjomba aliniinulia. “Niwaweke wapi?”

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Ziwa lilikuwa mafuta. Mto ulikuwa mafuta. Nimesoma vitabu vingi sana.

“Ismaël, niwaweke wapi?”

Ni mama aliyejibu, kutoka nyuma yetu, kwa sauti ya mtu anayetuma watoto dukani: “Iko maji ya mvua kwenye basani yangu ya nguo. Nilitega chini ya bati. Mulete.”

Basi tulifanya hivyo hadi jua likazama. Wanawake waliotoka na vikapu mwezi uliopita kukusanya samaki waliolewa, leo walikusanya tena samaki wanaoelea, mmoja mmoja, wakawafungua midomo juu ya basani, na sufuria, na ndoo za kunywea. Wengi hawakuwa na kitu ndani. Wengine vifaranga wao walikuwa wamekufa. Kila mara mtu alipopata walio hai alipaza sauti, “Hawa hapa!” na wote tulinyanyua vichwa. Bibiche, mwenye mikono iliyobabuka, alifungua midomo mingi kuliko sisi wote. Hakufanya mzaha hata mmoja.

12 Novemba

Mama amekataza mtu yeyote kufua, kupika wali au kuoga. Maji yote ya mvua ni ya watoto, asema. Nilimuuliza watoto gani. Akanitazama kama mjinga.

Godefroid alipita na pikipiki, akatazama mabasani uani, akauliza tunafuga mbu? Nilikuwa na hotuba nzima tayari kooni. Nikamshika mkono, nikamwinamisha juu ya basani hadi akaona. Alikaa ameinama. Aliondoka bila kuniaga, na safari hii hakucheka.

13 Novemba

Wanakufa katika ndoo ndogo. Katika basani pana bado wapo.

15 Novemba

Nimeamka nikasikia mlio ambao sikuutambua, kisha nikautambua, nisiamini. Katika shamba la mihogo la mama, juu, mbali na mto, mjomba Bulaimu alikuwa analima.

Mtu asiyekijua ukingo wetu hataelewa. Maisha yake yote mjomba amesema kwamba mwanaume wa mto hashiki jembe, na kwamba wale wanaochimba vidimbwi kufuga samaki kama kuku wanawaaibisha samaki. Alikuwa ameshika mpini vibaya, karibu mno na chuma. Alikuwa ameng’oa mihogo ya mama, safu baada ya safu, na shimo lilikuwa limefika magotini. Mama alikuwa ameketi kando, anaitenga mihogo michanga.

Nikamwendea. “Mjomba, nipatie jembe. Weye huliwezi.”

“Acha.”

“Malengelenge yamepasuka mikononi mwako.”

“Acha, nimesema. Miye njo nilifungua mulango.”

“Mimi ndiye niliyesema ufungue.”

Alisimama, akafumba lile jicho moja. Nilingojea aniambie kwamba yeye ni mkubwa, kwamba mlango ni wake, kwamba mimi ni mtoto. Nilikuwa tayari kubisha. Angekuwa ameniondolea kitu kizito sana kama angesema hivyo.

“Ndiyo,” akasema. “Ulisema.”

Akatoka shimoni na kunipa jembe. Kisha akamwomba mama lingine.

Tumechimba mpaka sasa. Mkeka wa Sandrine umefunika basani, jua lisiwapige vifaranga. Shimo bado kavu, na hakuna wingu.